Mtu wa Bareli ya Akiba

Hakukaa kulia kwa mtu yeyote. Ukimpa kiti upande wako wa kulia atakinyanyua, atakizungusha nyuma yako kama anayekimbia jua, na ukigeuka utamkuta ameshakaa kushoto, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Kwenye matanga aliwasumbua watu kwa tabia hiyo, maana safu nzima ya viti ilibidi isogee. Nilimuuliza siku moja kama sikio lake moja limekufa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Namba moja nalala na bunduki, namba mbili nalala kushoto yake," alisema. "Hiyo ni kazi, binti. Mwili nakwisha zoea, hapana taka badilika."

Kwa hiyo tulimwita Namba Mbili, sisi wa Ediofe na hao wa mjini Arua waliompelekea cherehani zao mbovu. Jina lake la msikitini walilijua wachache. Alikuwa Mnubi, mjukuu wa askari waliotoka Sudan zamani wakasahau kurudi, na mwenyewe alikuwa askari mpaka jeshi lake lilipovunjika na kukimbilia mpakani. Baba yangu, Mkakwa wa kijiji cha Abuku, ndiye aliyekuwa Namba Moja. Sikumwona baba; vita vilimchukua mimi nikiwa tumboni. Yote niliyoyajua juu ya mwisho wake yalitoka katika mdomo wa mtu mmoja, na mtu huyo alijua kunyamaza kuliko yeyote niliyewahi kumfahamu.

Nilichokitaka kwake kilikuwa kidogo: kiganja cha udongo. Katika ukoo wetu mtu akifia mbali na mwili usipoletwa, mtoto wake huenda kuchota udongo wa kaburini akauleta nyumbani, ukafukiwa pale ambapo mwenyewe angelala. Bila hivyo matanga hayaishi, na mjane hana pa kulazwa, kwa sababu kando yake hakuna mume. Namba Mbili ndiye aliyemzika baba. Alimwambia mama hivyo aliporudi kutoka ukimbizini: amemzika kwa mikono yake mwenyewe, chini ya mawe, kwenye kilima kimoja karibu na Oraba, kabla tu ya mpaka wa Sudan. Miaka mingine njia ile ilikuwa na vita, miaka mingine ilisemekana ina mabomu ya ardhini, na miaka mingine, niseme ukweli, nilikuwa na uvivu tu na daftari za wanafunzi. Kisha mama akarudishwa Abuku kutoka hospitalini, daktari akiwa ameshamaliza maneno yake. Hakuomba dawa wala uji. Aliomba udongo.

"Nenda na Namba Mbili," aliniambia. "Yeye anapajua."

Baba mdogo, ndugu yake baba, alikwisha kuchimba shimo dogo nyuma ya nyumba, kina cha mkono hadi kiwiko. Mama alilala kwenye mkeka barazani, na kila nilipofika kutoka Arua alitazama mikono yangu kabla ya uso wangu. Nilianza kuogopa kwenda kumwona mama yangu mwenyewe.

Wote wawili wamekwenda sasa, mama na Namba Mbili, na nataka kumweka mzee huyu sawasawa, kwa mema yake na kwa lile alilolifanya. Siwezi kumweka bila bunduki. Nimejaribu, haiwezekani.

Bunduki yenyewe iliitwa Breni. Ilikuwa ya rashasha, lakini nyepesi kiasi cha mwanamume mmoja mwenye mabega kukimbia nayo, na hata hivyo jeshi liliipa watu wawili. Namba moja analenga na kufyatua. Namba mbili analala ubavuni pake, anabadili magazini, anatazama mbele, na anabeba mfuko wenye mtutu wa pili, kwa sababu ukipiga sana mtutu unawaka moto. Yeye aliuita bareli. Alinieleza mambo haya kwa miaka, nikiwa msichana wa shule nikisubiri cherehani ya mtawa mmoja itengenezwe, na baadaye nikiwa mwalimu mwenye mvi. Naijua Breni kuliko ninavyolijua jiko langu la gesi.

"Magazini inakaa juu, imekunjika kama ndizi," alikuwa akisema, na kidole chake kinapinda hewani. "Sasa ikikaa juu inafunga macho, wewe hapana ona mbele. Kwa hiyo wazungu wanasogeza shabaha kidogo, kushoto. Iko na akili, ile bunduki."

Jina lake, alisema, ni la miji miwili ya Ulaya, kipande cha mmoja kimeunganishwa na kipande cha mwingine, na jambo hilo alilipenda sana kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa wa hivyo. Baba yake mkubwa aliibeba Burma katika jeshi la Mfalme. Uhuru ulipokuja Waingereza waliondoka na bendera yao lakini Breni zikabaki ghalani, na kijana wa Arua akakabidhiwa ileile aliyoibeba mzee wake, au dada wa bunduki ile. Walipoletewa bunduki mpya zinazokula mkanda wa risasi, alizidharau. Mkanda unaokota matope, alisema, halafu unayatema usoni mwako.

Lakini hata Breni alikuwa na lawama nayo, na lawama yake haikufanana na ya mtu mwingine. Ilikuwa na shabaha kupita kiasi. Risasi zake zote zilipita njia moja. "Mimi nataka tisha watu kumi walale chini," alisema. "Yeye naua mutu moja mara kumi." Alilisema hilo akiwa anakaza skrubu ya cherehani, bila kuinua kichwa, na nikakumbuka kwamba mzee huyu mpole aliwahi kulala kifudifudi akayaona hayo.

Magazini ya Breni inaingia risasi thelathini. Yeye alitia ishirini na nane, kila mara, kwa maisha yake yote ya jeshi. Ukiijaza kabisa springi yake inachoka na siku ya shida haisukumi. "Wacha mbili," alikuwa akisema. "Springi pia nataka pumuzika." Basi aliacha mbili katika kila kitu. Dumu la maji hakulijaza. Kikombe cha chai ukimjazia mpaka ukingoni atamwaga kidogo chini kabla ya kunywa, na wenye nyumba wasiomjua walidhani ni mambo ya mizimu, wakamtazama vibaya, yeye Mwislamu wa sala tano. Alipowasuluhisha fundi wa viatu na mkewe kibarazani pake, nilimsikia akimwambia mwanamke, "Sema yote, mama, lakini maneno mbili wacha ndani." Ushauri huo ulinisaidia hata mimi katika ndoa yangu, ingawa mume wangu atasema sikuacha hata moja.

Joto alilijua kwa kiganja. Kazi ya namba mbili, alisema, ni kujua bareli imefika wapi kabla haijaharibika: magazini kumi za haraka, basi, fungua, vuta kwa kishikio, weka ya pili, na ile ya kwanza ilale kwenye majani mabichi ipoe. Alifanya hivyo amefumba macho. Kiganja chake cha kulia kilikuwa na kovu pana linalong'aa, mahali alipokosa kishikio akashika chuma chenyewe. Wake wa majirani walimwita aje kushika paji la mtoto mwenye homa. Alikuwa akiweka kile kiganja, kisha anasema "Peleka hospitali" au "Pa yeye maji, nalala," na sikumbuki kama alikosea. Na alipochoka yeye mwenyewe, alipokaa baada ya alasiri na nyundo ndogo mkononi bila kuipiga popote, alisema amefungua gesi mpaka tundu la mwisho. Breni ina matundu ya gesi. Ikichafuka na kuwa nzito unazungusha kwenye tundu kubwa zaidi ili iendelee. Baada ya tundu la mwisho hakuna lingine.

Hakushika bunduki tena. Miaka ile waasi walipokuwa porini walimjia, vijana watatu na gunia la bunduki mbovu, kwa kuwa walisikia ndiye fundi aliyebaki. Akawaambia macho yake yamekufa, haoni hata mkono wake. Walipogeuka kuondoka mmoja alikuwa na kifungo kinachoning'inia kwenye shati, na mzee wangu, kwa tabia tu, akamwita, akatunga uzi kwenye sindano kwa mara moja, akakishona. Walimtazama. Yeye akawatazama. Alinisimulia kwamba alisoma shahada kimoyomoyo akingoja risasi, lakini yule mwenye kifungo akaanza kucheka na wote wakaenda zao.

Hiyo ndiyo hadithi aliyoipenda kuliko zote, na aliisimulia vizuri. Hadithi za baba alizisimulia vizuri pia: jinsi Namba Moja alivyokuwa na kiburi cha mabega yake, jinsi alivyoimba nyimbo za kanisani akisafisha bunduki, jinsi alivyokataa kuacha mbili akasema springi ni ya serikali. Lakini ukiisogeza hadithi mpaka kwenye kilima cha Oraba, mzee alibadilika. Alikuwa na sentensi moja: "Alikufa vizuri, mimi nazika yeye." Sauti ileile, maneno yaleyale, na hapo anatafuta skrubu iliyopotea ambayo haikupotea. Mtu aliyekumbuka idadi ya matundu ya gesi hakukumbuka kama ilikuwa asubuhi au jioni alipomzika rafiki yake. Nililiona hilo tangu ujana, nikaliita huzuni. Ilinifaa kuliita hivyo.

Kuna siku moja ambayo ingenifumbua macho kama ningetaka. Shule yetu ilikusanya cherehani kuukuu kwa ajili ya wanawake wakimbizi kule Omugo, na Namba Mbili akakubali kwenda nami kuzirekebisha. Alifanya kazi vizuri, akitania wale kina mama kwa Kiarabu chao cha Juba, wakacheka. Kisha mmoja, mama wa makamo, akiwa anazungusha gurudumu la cherehani, akasema tu, kama anayesema habari za mvua, kwamba njiani mumewe alipigwa risasi mguuni, naye alikuwa na watoto wawili mgongoni na tumboni, akamwacha amekaa chini ya mti. Akamuuliza mzee, kwa sababu ana mvi, kama Mungu atamwuliza. Namba Mbili alifunga mfuko wake wa vifaa. Cherehani tatu zilikuwa bado wazi, matumbo nje. Alitembea mpaka barabarani akasimama huko akitupa kisogo. Nilimkasirikia kwa kumfanyia yule mama adabu mbaya.

Sasa safari za udongo. Ya kwanza alisema mguu unamuuma. Ya pili tulifika Koboko, akaingia msikitini kuswali adhuhuri, mimi nje nikamsubiri mpaka nikaanza kuhesabu viatu mlangoni. Alipotoka alisema mawingu ni mabaya, turudi. Anga lilikuwa jeupe. Nilirudi Abuku mikono mitupu, mama akaitazama, akageuza uso ukutani. Baba mdogo aliniambia pembeni kwamba shimo limeanza kuingia majani makavu, analisafisha kila asubuhi, na kwamba mama sasa hali chakula isipokuwa maji ya wali.

Safari ya tatu nilikodi gari na nikamkalisha mzee kama mfungwa. Ninajua sikumtendea vizuri. Tulifika kilimani, karibu kabisa na Oraba, malori yakipita chini yetu kuelekea mpakani. Alisimama akaonyesha kwa mkono: pale. Tukaenda pale, hakuna jiwe. Akaonyesha kwingine. Kisha kwingine tena, shamba la mihogo la watu. Miti imebadilika, alisema. Nikamfokea, mimi mwalimu, mbele ya dereva, nikamwambia mama yangu anakufa na yeye ananizungusha kama mtoto. Kisha nikapiga magoti hapohapo kwenye mihogo nikaanza kuchota. Udongo ni udongo, nilijiambia, na mama hatajua.

Akanishika kifundo cha mkono kwa kile kiganja chake chenye kovu. Alikuwa na nguvu bado.

"Hapana hii," alisema. "Binti, hapana peleka mama hii."

"Basi nipe ya kweli!"

Alinifumbua vidole, udongo ukaanguka. Angeniacha nichote, mambo yangekwisha, na siri yake ingezikwa Abuku kwa heshima. Mpaka leo sijui kwa nini mtu aliyebeba uongo ule miaka zaidi ya arobaini alishindwa kuubeba dakika moja zaidi. Tulirudi Arua, kucha zangu zimejaa udongo wa mihogo ya watu.

Siku mbili baadaye, nikiwa Abuku, alikuja mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Alishuka kwenye bodaboda akiwa amevaa kanzu yake ya Idi, akavua viatu mbali na baraza, akaja kukaa chini, si kwenye kiti, mbele ya mkeka wa mama. Mama alijaribu kuinuka kwa heshima. Nikamwegemeza kifuani kwangu. Alikuwa mwepesi, ningeweza kumbeba kwa mkono mmoja.

"Shemeji," mama alisema, "umeleta?"

"Hapana, shemeji. Naleta maneno."

Akasema. Alisema mfululizo, kwa Kiswahili chake cha kambini, na baba mdogo alikuwa amekuja kutoka nyuma ya nyumba, jembe mkononi, akasimama kusikiliza. Walikuwa wamelala kilimani, Breni inalinda barabara wenzao wapite kwenda mpakani. Adui akaja kwa pembeni. Namba Moja akapigwa kwenye nyonga, akashindwa kuinuka. Wenzao walikuwa wamekwisha ondoka.

"Yeye naniambia, 'Wacha bunduki na mimi. Wacha magazini. Wewe nenda.' Anataka piga wao, mpaka mwisho. Mimi nasikia. Masikio yangu nasikia. Lakini shule nafundisha sisi kila siku: bunduki hapana wacha mzima kwa adui. Kama hapana weza beba, toa bareli, bunduki inakufa. Mkono yangu… shemeji, mkono nafanya yenyewe. Nafungua, navuta. Nachukua bareli ya bunduki na bareli ya akiba, zote mbili. Nakimbia."

Mama hakusogea. Nilisikia moyo wake ukipiga kupitia mgongo wake, au ulikuwa wangu.

"Wewe natoa bareli na yeye iko hai?" baba mdogo aliuliza.

"Iko hai. Yeye nakaa na ile chuma mikononi. Yeye naita mimi. Hapana ita jina. Naita, 'Namba mbili! Namba mbili!' Nilisikia mpaka chini ya kilima. Nikifika mtoni nasimama, naona mikononi nimebeba nini, nataka rudi. Hapana rudi. Naogopa. Natupa zote mbili kwa maji."

"Na kaburi?" nilisema mimi.

"Hapana kaburi. Mimi hapana ona yeye tena. Nilifikiri, nikisema nimezika, mama ya mtoto atapumuzika."

Baba mdogo aliliinua jembe. Sitasahau: hakuliinua kama mtu anayetisha, aliliinua kama mtu anayekwenda kulima. Mama akanyoosha mkono wake, ule wa mifupa mitupu, na jembe likashuka. Nilidhani atamsamehe. Nilikuwa nimeshaanza kulia kwa ajili ya msamaha huo. Mama alikuwa anafikiri jambo jingine kabisa, na alipolisema alilisema kwanza kwa Kikakwa, kwangu, kisha akalirudia kwa Kiswahili, polepole, ili mzee asikose hata neno.

"Baada ya wewe nasema umezika yeye," alimwambia, "malori ilikuja Koboko. Unakumbuka? Ile ilileta wafungwa, askari wa zamani, serikali imewafungua. Wanawake wote ya Abuku walienda simama barabarani. Hata wale walisikia bwana yao nakufa, walienda. Walisema na mimi twende. Nikasema yangu iko ndani ya udongo, mutu ameniambia. Walienda, mimi nikabaki napalilia karanga."

Namba Mbili alifunika uso.

"Wengine walishuka hapana mutu nangojea," mama alisema. "Wakauliza, wakaambiwa watu yao hapana kuja. Walipanda tena, wakaenda, hapana jua wapi. Mama Elia, jirani yangu, aliniambia hiyo. Mimi nikacheka, nikasema pole yao."

Nilisema, "Mama, asingepona jeraha lile. Mama, asingepona." Baba mdogo naye akasema hivyo. Tulisema yote ambayo watu husema. Yeye alitusubiri tumalize.

"Nipelekeni Koboko," alisema.

Tulikataa. Akasema kama hatumpeleki atatambaa, na akaanza, akashusha mguu mmoja kutoka kwenye mkeka. Baba mdogo akaenda kuomba gari la jirani. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu, na hakuna aliyemwambia Namba Mbili apande wala asipande, alipanda. Njia ni fupi lakini kila shimo lilimtoa mama sauti.

Mama alituonyesha mahali: pale malori yaliposimama siku ile, kama alivyoambiwa na wenzake. Sasa ni mahali magari ya kutoka Arua yanaposhusha watu, maduka ya simu pande zote, muziki, wauza chapati. Tuliazima kiti cha plastiki tukamkalisha ukingoni, shuka mabegani. Nilijua ni upuuzi. Baba kama angekuwa hai angekuwa mzee wa sabini na zaidi, na kwa nini ashuke Koboko leo? Nilitaka kumwambia. Lakini gari la kwanza lilipofungua mlango, macho yangu nayo yalikwenda kwa wazee, nikaona aibu, nikaendelea kuangalia.

Alishuka mwanamume mrefu mwenye fimbo.

"Yule?" mama aliuliza. Hakuniuliza mimi, nisiyewahi kumwona baba. Wala hakumuuliza baba mdogo, aliyekuwa mtoto wakati ule. Alimuuliza aliyekuwa na baba mwisho.

Namba Mbili alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Akaenda mpaka mbele ya yule mzee, akainama kidogo, akamtazama usoni, yule akashangaa na kumsalimu. Akarudi.

"Hapana, shemeji. Hapana yeye."

Likaja gari jingine, na jingine. Jua lilipita juu yetu, nikamfunika mama kichwa kwa kanga yangu. Baba mdogo alileta maji, mama akakataa. Kila aliposhuka mtu mwenye mvi, mama alinyoosha kidole na kuuliza, "Yule?" na sauti yake ilizidi kupungua mpaka kikabaki kidole tu. Kila mara Namba Mbili alijibu maneno yaleyale. Lakini hakujibu hata mara moja akiwa amesimama pale nyuma ya kiti. Kila mara alivuka kwanza, akamtazama mtu yule usoni kwa karibu, kwa muda, kisha ndipo akarudi kusema hapana.